Ng'ombe Alikuwa wa Rangi Gani?

Yaliyonipata yalinipata mchana, saa saba, jua la Kagongwa likiwa utosini, na tumboni nikiwa na chai ya rangi na kiporo cha ugali tu. Natanguliza hilo kwa sababu kila nikianza kusimulia, kuna mtu ataniuliza kama siku hizo nilikuwa na malaria, au kama tina, ile dawa ya kulainishia rangi, haikunipanda kichwani. Haikunipanda. Nimevuta harufu ya tina miaka tisa, naijua kuliko ninavyoijua marashi. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu mbele huko hutapata pa kuchekea.

Mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kupaka magari rangi. Sina gereji. Nafanyia uani kwangu, chini ya turubai, kuku wakipita katikati ya miguu. Kompresa, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi, aliniachia mume wangu alipokwenda machimboni Geita kwa miezi mitatu ambayo mpaka leo haijaisha. Aliniachia pia watoto wawili na msemo mmoja aliokuwa akiupenda sana: fundi haulizi kilichokunja bati, fundi anauliza rangi. Msemo huo niliushika kuliko nilivyomshika yeye, na nikikumbuka hivyo hasira zinanipanda upya.

Watu wanadhani kazi yetu ni kupuliza. Kupuliza ni nusu saa. Kazi yenyewe ni msasa. Unakwangua rangi ya zamani kwa msasa mkali mpaka bati lionekane, unalichora chorachora ili puti ishike, unapaka puti kujaza palipobonyea, ikikauka unasugua. Unasugua tena kwa msasa laini, halafu msasa wa maji, ndoo pembeni, tope jeupe mpaka kwenye kope. Na kujua kama pamenyooka, macho hayakusaidii. Macho yanadanganywa na mwanga. Unafumba macho, unapitisha kiganja taratibu, na kiganja kinakuambia. Changu kilikuwa kinasifika mpaka Kahama. Mafundi wanaume walikuwa wananiletea kazi zao nizipapase kabla hawajapuliza, halafu wanaondoka bila hata kusema asante.

Sasa nisikilize. Miaka miwili kabla ya hayo ninayotaka kukueleza, asubuhi mapema, aliingia uani mtu mmoja na gari dogo jeupe. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu kutoka upande wa Geita, mtu wa mikufu na simu mbili. Sitamtaja jina, nitamwita Bosi, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa. Fenda ya kushoto, lile bati la juu ya tairi la mbele, ilikuwa imebonyea ndani na taa imevunjika.

"Nimegonga ng'ombe, mama fundi," alisema. "Nalitaka jioni."

Mimi nimezaliwa Kishapu. Nimekulia zizini. Baba yangu alikuwa na jina la kila rangi ya ng'ombe, na madoa yalikuwa na majina, na pembe zilikuwa na majina. Huku kwetu ukigonga ng'ombe huondoki hivi hivi. Hata ukidhani uko porini peke yako, mwenye ng'ombe atatokea, na majirani zake watatokea, mtakaa chini, na huyo ng'ombe atasifiwa namna ambayo hakuwahi kusifiwa akiwa hai. Utalipa, nyama itagawanywa, na utaondoka na hadithi ya kulalamikia mwaka mzima. Ukimwambia Msukuma yeyote, hata mtoto wa miaka sita, kwamba umegonga ng'ombe, atakuuliza papo hapo: alikuwa wa rangi gani, na wa nani?

Mimi sikuuliza. Binti wa mfugaji, nikafunga mdomo kama nimezaliwa mjini.

Na tusidanganyane, nilijua. Pale kwenye bati hapakuwa na unywele mmoja wa ng'ombe. Ng'ombe ni mrefu, anaponda boneti na kioo; hili lilibonyea chini, usawa wa nyonga ya mtu. Na nilipofungua ile taa iliyovunjika, ndani yake nilikuta vipande viwili vya michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kukausha juani. Ng'ombe gani huyo anayebeba michembe? Niliviangalia, nikavitupia kuku. Kuku wakavila. Halafu nikachukua puti.

Nilifanya kazi nzuri siku ile. Nilipopitisha kiganja nilitabasamu. Tabasamu hilo ndilo ninalolichukia kuliko vyote.

Kiangazi kilichopita gari likarudi. Bosi alitaka libadilishwe kutoka jeupe liwe jeusi, na puti ya fenda ilikuwa imeanza kupasuka. Akaipigapiga kwa pete yake akicheka. "Ng'ombe wako anataka kutoka, mama fundi. Mfukie vizuri safari hii." Akaniachia ufunguo, akapanda gari la mwenzake, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na ufunguo mkononi. Ningeweza kukataa. Nilienda kuchukua msasa.

Siku ya kwanza nilikwangua ile fenda mpaka kwenye bati. Chini ya puti ya zamani nikaikuta michoro yangu mwenyewe, ile ya kushikisha puti, maana kila fundi ana mkono wake wa kuchora na mimi wangu unalala kulia. Nikapaka puti mpya, nikasugua, kiganja kikasema sawa. Saa saba, watoto wako shule, nimeinama nasuuza msasa kwenye ndoo, nikasikia mtu ananisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Mwadila," nikajibu bila kuinua kichwa.

Nilipoinua nikaona mwanamke kijana, pengine miaka ishirini na tano, kajifunga kitenge cha kijani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Kichwani alikuwa na ngata, ile nguo inayozungushwa kushikilia mzigo. Mzigo hakuwa nao. Nilidhani kautua nje ya uzio.

"Karibu, mdogo wangu. Unatafuta nini?"

"Namtafuta ng'ombe."

"Hapa hakuna ng'ombe. Ni magari tu."

"Nasikia yuko hapa," akasema, na akapita mbele yangu mpaka kwenye fenda. Akafumba macho. Akaweka kiganja juu ya puti yangu, akakipitisha taratibu, vilevile ninavyofanya mimi. "Hapa bado, dada. Hapajanyooka."

Nilikasirika, niamini. Miaka tisa, halafu mpita njia aje kunifundisha kazi uani kwangu? Nikaweka kiganja pale pale alipoweka chake, ili nimwoneshe. Palikuwa na shimo. Puti ile ile niliyoipapasa dakika kumi kabla ilikuwa imezama, na ukingo wa shimo ulikuwa umeviringika. Nikageuka kumuuliza amefanya nini. Hakuwepo.

Nitakuambia kilichonitisha. Ukisugua kwa maji, chini panakuwa na tope jeupe pande zote za gari. Hata kuku akipita, nyayo zinabaki. Zangu zilikuwepo. Zake hazikuwepo, kwenda wala kurudi.

Ungefanyaje wewe? Ungekimbia? Mimi nilijiambia ni jua. Nikachanganya puti nyingine.

Siku ya pili alirudi, saa saba ile ile, ngata kichwani, mzigo hana. Hakuniomba nafasi. Akaweka kiganja.

"Bado."

"Wewe ni nani?" nilimfokea. "Nani kakutuma kuniharibia kazi?"

Alifumbua macho akaniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu mimi nilikuwa nazo kwa ajili yetu sote wawili.

"Dada," akasema, "yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani?"

Swali langu. Swali ambalo nililimeza miaka miwili kabla, likanisubiri, likaja kuniuliza mwenyewe. Nilinyanyua ndoo nikammwagia maji yote, kwa uoga au kwa aibu, sijui. Maji yalitua kwenye ukuta nyuma yake. Kitenge chake kilibaki kikavu na vumbi lake miguuni likabaki vumbi.

Usiku huo sikuona kitu, usiningojee hapo. Nililala na watoto, kukakucha. Lakini asubuhi ya siku ya tatu sikuchanganya puti. Nilichukua msasa mkali kuliko yote nikaanza kuondoa. Sikusugua hata dakika tano. Puti yote ikabanduka kipande kizima, ikaanguka, ikavunjika kwenye tope. Bati likabaki wazi. Mara ya kwanza nilikuwa nimelivuta kidogo tu, nikajaza, kwa sababu Bosi alitaka gari jioni. Umbo lilikuwa bado lipo; siku ya kwanza nilikataa kulitazama. Sihitaji kukueleza umbo gani. Nimezaa mara mbili, najua nyonga ya mwanamke ilivyo.

Saa saba alikuja. Safari hii hakugusa gari. Nilikuwa nimekaa chini kwenye tope, naye akachuchumaa mbele yangu, nikaona hana kivuli cha kunifunika ingawa jua lilikuwa nyuma ya kichwa chake.

"Naitwa Minza," akasema, akanitajia na kijiji chake, upande wa Kishapu. "Nilikuwa nakwenda mnadani na beseni la michembe. Hakuna aliyeona gari. Wanasema lilikuwa gari la kichawi, limetumwa. Wanasema mama mkwe wangu ndiye kalituma kwa sababu macho yake ni mekundu. Wamemchomea nyumba, dada. Sasa wanasema wakimaliza kuvuna dengu watammaliza na yeye."

Nilishika ukingo wa ndoo.

"Waambie lilikuwa gari," akasema. "Basi. Waambie lilikuwa gari."

Akanyanyuka na ngata yake tupu, akapita kando ya ndoo, na kabla hajafika kwenye uzio hapakuwa na mtu.

Sasa unielewe nilivyokuwa. Hofu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Nilikuwa nawaka. Miaka miwili watu walikuwa wanapekua vibuyu na kupiga ramli wakitafuta gari lililopotea kimiujiza, na gari lenyewe lilikuwa uani kwangu linapigwa msasa! Muujiza wenyewe ulikuwa mimi. Mimi, kopo la puti na kiganja changu kinachosifika.

Nikampigia Bosi. Nikamuuliza, "Yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani?"

"Ng'ombe gani?"

"Uliyemgonga. Wa rangi gani, na mwenyewe alikuwa nani, na nyama alikula nani?"

"Mama fundi," akasema, sauti imebadilika, "kazi yako ni kunyoosha. Nyoosha. Mambo mengine yatakuharibia maisha."

"Yameshaharibika ya watu," nikamwambia. "Fenda yako nimeifungua. Ukiitaka, ifuate Kishapu."

Nikakata simu. Nikafungua nati moja moja, nikaitoa fenda nzima, nikaifunga kwenye kanga. Nikatafuta bodaboda, kijana akaniuliza nabeba nini. Nikamwambia ng'ombe. Hakuuliza tena. Mwendo wote ule wa vumbi nilikuwa nimekipakata kile chuma mapajani, na sehemu iliyobonyea iliniegemea tumboni.

Kile kijiji kipo. Minza alikuwepo, enzi za uhai wake. Mwenyekiti wa kijiji niliyemkuta alikuwa amekaa na wazee wa sungusungu, wale walinzi wa jadi, na nilipolitaja jina la Minza mmoja wao alitema mate chini. Waliniuliza nimelijulia wapi. Nikawaambia alikuja mwenyewe kunieleza. Hapo ndipo ningetegemea wanicheke, lakini hawakucheka. Hilo waliliamini mara moja. Nilipofungua kanga nikawaonesha bati, nikasema hili ndilo gari, liliendeshwa na mtu mwenye leseni na mikufu, na mimi ndiye niliyelificha kwa mikono hii, hapo ndipo wakaanza kubisha.

"Gari lingeonekana," mzee mmoja akasema.

"Halikuonekana kwa sababu lilikuwa kwangu."

"Na mkono wa yule bibi mkwewe umo. Bila mkono wake lisingempata."

"Mkono uliomo humu ni wangu!" nilipiga kelele, mgeni, mwanamke, mbele ya wazee. "Tazameni michoro hii. Inalala kulia. Nipeni msasa niwachoree mwone kama haifanani. Mnataka mchawi? Mchawi ni huyu hapa, anatumia puti."

Mwenyekiti akapapasa bati kwa vidole, akafika pale lilipokunjika, akauondoa mkono wake haraka. Akatuma mtu akamwite yule bibi.

Alikuwa anaishi kwenye jiko la mtu wa kanisani, nyumba ya tatu. Alikuja akishika ukuta, mdogo wa mwili, mkono mmoja umekunjamana kwa makovu ya moto. Macho yake yalikuwa mekundu, ndiyo. Yalikuwa mekundu kwa miaka sitini ya kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe, kama ya mama yangu, kama yatakavyokuwa yangu kwa vumbi la puti.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, tangu michembe niliyowatupia kuku. Sikujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akainama, akaweka kiganja chake cha makovu ndani ya lile bonde kwenye bati, akakiacha hapo muda mrefu. Nilingoja anilaani. Ningelaaniwa ningepumua.

"Kwa hiyo lilikuwa gari," akasema.

"Lilikuwa gari, mama."

"Miaka miwili wananiambia nimemuua mkwe wangu." Aliongea polepole, anatafuta maneno ya Kiswahili. "Kila siku, ng'wanawane, mwanangu. Mpaka watoto. Nilishaanza kuwaamini. Nilikuwa naomba Mungu aniambie nilimuua namna gani."

Hakuna msasa unaofuta hilo. Nimejaribu.

Fenda ikaenda polisi, na mimi nikaenda nayo, nikaandika maelezo yangu. Kuhusu Minza kuja uani kwangu sikuandika. Askari aliniuliza aandike nini kilichonileta, nikamwambia andika nilishtakiwa na dhamira. Kesi ya Bosi ipo na yangu ipo, siwezi kuzisema zaidi. Yule bibi hawakumgusa tena. Wamemjengea kibanda. Hakuna aliyemwomba radhi, wanasema tu mambo yamekwisha, na nikisikia neno hilo damu inanichemka.

Minza sijamwona tena. Aliniachia kitu, lakini. Kiganja changu hakiaminiki tena. Nikikiweka kwenye fenda ya kushoto, ya gari lolote, hata jipya lililotoka bandarini jana, nakutana na bonde lile lile, ukingo umeviringika, na ndani yake pana joto. Kulia hakuna kitu. Kushoto lipo daima. Napapasa kwa mkono wa mwanangu siku hizi, yule mkubwa, au namwita fundi mwenzangu aje anisaidie, na wale waliokuwa wanakisifu kiganja changu sasa wanasema nimezeeka.

Na mteja akiniletea gari limebonyea, haingii uani kabla hajajibu. Ulimgonga nani? Akisema ng'ombe, namwuliza wa rangi gani, wa nani, na nyama ilikwenda wapi. Wengine wanatukana na kugeuza gari. Wageuze.

Wewe fundi mwenzangu unayesoma hili, ukikuta kwenye bati kitu ambacho mnyama habebi, usiwatupie kuku. Na wewe uliyeko kijijini, mbele ya mama mzee mwenye macho mekundu, unayetafuta nani katuma kifo, nisikilize mimi niliyemwona marehemu mchana kweupe na kuongea naye. Kama kuna mtu ana haki ya kukuambia uchawi upo, ni mimi. Nami nakuambia alichonituma yeye mwenyewe: lilikuwa gari. Lilikuwa na dereva, na lilikuwa na fundi.